Mwamba Ngozi Huvutia Kwake: Jinsi Mteule Anavyopigwa Msasa

Natumai umeketi vizuri na kengele ya maandalio ya jioni haijalia, maana leo nina jambo la kukueleza, nalo si fupi.

Bila shaka umewahi kumsikia mtangazaji wa redio akisema kwamba mteule fulani "atapigwa msasa" na kamati ya Bunge. Mara ya kwanza nilipoyasikia maneno haya nilikuwa mdogo, nikadhani mtu mzima anapelekwa kwa seremala! Kumbe sikuwa mbali sana na ukweli. Msasa ni mti ambao majani yake hukwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya msasa haijafika madukani. Fundi akisugua, mambo hujitokeza: fundo, ufa, hata tundu la mdudu lililozibwa kwa nta na kupakwa rangi. Ndivyo inavyotakiwa kwa mtu anayetaka kukabidhiwa kazi ya umma. Asuguliwe, tuone mbao yenyewe ikoje.

Lakini msasa hauna macho. Anayeushika ndiye anayejua anatafuta nini, na wahenga walituonya kwamba mwamba ngozi huvutia kwake. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza katika makala haya. Nitatumia kisa cha kweli cha mtu aliyepigwa msasa kule Marekani mwaka 1949, kisha nitakiri kosa langu mwenyewe nililolifanya papa hapa shuleni. Deni hulipwa, hata likichelewa.

TUME YA NAMNA HII NI YA NINI?

Hebu tuanzie dukani. Bei ya sukari ikipanda katika duka moja, wewe huvuka barabara ukanunua kwa jirani. Je, stima? Waya unaoingia nyumbani kwenu ni mmoja. Hakuna kampuni ya pili iliyosimamisha nguzo zake kando ya zile za kwanza, na hata ingekuwepo, gharama ya nguzo mbili mbili ingelipwa na nani kama si wewe? Bomba la maji ni vivyo hivyo. Muuzaji wa vitu vya aina hii huwa peke yake, na akiachwa hivi hivi atapandisha bei anavyotaka, nawe utalipa au utakaa gizani.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi huunda tume ya kumsimamia. Kazi yake ina pande mbili. Kwanza, mwananchi asitozwe zaidi ya inavyostahili. Pili, kampuni nayo isibanwe hadi ikakosa fedha za kurekebisha nguzo zilizoanguka. Kwetu Kenya, bodi ya kusimamia umeme iliundwa chini ya sheria ya 1997, ikafuatwa na tume ya kawi baada ya sheria ya 2006, na tangu Sheria ya Kawi ya 2019 kazi hiyo imekuwa ya EPRA, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Ndiyo hiyo inayotangaza bei ya petroli na mafuta ya taa kila tarehe 14 ya mwezi, wazazi wetu wakaguna.

Marekani nao walikuwa na tume iliyoitwa Federal Power Commission, iliyoundwa mwaka 1920. Tangu 1930 ilikuwa na makamishna watano. Mwaka 1935 ilipewa mamlaka juu ya umeme unaovuka mipaka ya majimbo, na mwaka 1938 ikaongezewa gesi asilia inayosafirishwa kwa mabomba kutoka jimbo hadi jimbo. Rais alimteua kamishna, lakini uteuzi huo ulikuwa haujakamilika mpaka Seneti iukubali. Tume hiyo ilivunjwa mwaka 1977, nafasi yake ikachukuliwa na nyingine.

BWANA LELAND OLDS

Katika makamishna hao alikuwepo Leland Olds, aliyezaliwa mwaka 1890. Alisomea hisabati chuoni, na ujanani alifanya kazi miongoni mwa maskini wa mjini na hata kuwa mhubiri kanisani. Kuanzia 1922 hadi 1929 alikuwa mwandishi wa shirika la habari lililoyahudumia magazeti ya wafanyakazi. Katika maandishi yake aliwashambulia matajiri wa viwanda kwa maneno makali. Baadaye Franklin Roosevelt, akiwa gavana wa New York, alimpa kazi katika mamlaka ya umeme ya jimbo hilo, na akiwa Rais akamteua katika tume ya taifa mwaka 1939. Mwaka 1944 aliteuliwa tena.

Kazi yake hasa ilikuwa nini? Sikiliza mfano huu. Chukua mama mwenye kinu cha kusagia mahindi katika kijiji kisicho na kinu kingine. Alikinunua kwa shilingi 100,000. Ukimwambia atoze bei itakayomrudishia gharama zake pamoja na faida ya haki, hakuna ugomvi. Lakini je, siku moja akiamka na kusema, "Kinu changu leo kina thamani ya shilingi 300,000, kwa hivyo faida yangu ihesabiwe kwa hizo"? Kinu ni kile kile, unga ni ule ule, lakini kusagisha gorogoro moja kumepanda bei. Makampuni mengi ya umeme na gesi yalitaka hesabu ya namna hiyo ya pili. Olds alishikilia kwamba hesabu ianzie kwenye fedha zilizotumika kweli. Mwaka 1944, katika kesi ya kampuni iitwayo Hope Natural Gas, Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha agizo la tume lililotumia hesabu ya fedha zilizotumika.

Kisha likaja suala la gesi. Visima vingi vilikuwa katika majimbo kama Texas na Oklahoma, lakini wapishi na wenye viwanda walioitumia walikuwa mbali kaskazini. Je, tume isimamie tu bomba la kusafirishia, au pia bei anayotoza mwenye kisima? Wenye visima walisema waachwe. Seneta Robert Kerr wa Oklahoma, ambaye mwenyewe alikuwa na kampuni ya mafuta na gesi, alileta mswada wa kuwaachilia kabisa. Olds aliupinga mchana kweupe. Wahenga wanasema mti wenye matunda ndio hupigwa mawe, na mawe hayakukawia.

MSASA WA 1949

Muhula wa Olds ulipokwisha mwaka 1949, Rais Harry Truman alimteua kwa mara ya tatu. Kamati ndogo ya Seneti iliyopaswa kumsaili iliongozwa na Lyndon Johnson wa Texas. Johnson alikuwa ameingia Seneti mwaka ule ule, baada ya kushinda mchujo wa chama chake mwaka 1948 kwa tofauti ya kura 87 tu. Alihitaji sana urafiki wa matajiri wa mafuta na gesi wa jimboni kwake. Na ajabu ni kwamba Johnson huyu huyu, alipokuwa mbunge wa kawaida, ndiye aliyepigania stima ifike katika vijiji vya nyumbani kwao vilivyokuwa gizani. Alijua vizuri faida ya kazi aliyokuwa akiifanya Olds.

Sasa ungedhani siku ya kikao wangemwuliza: "Bei ya gesi unaihesabu vipi? Ukiwabana wenye visima, watakuwa na moyo wa kuchimba vingine?" Hayo ni maswali ya haki, tena mazito. Lakini sivyo mambo yalivyoanza. Shahidi mmoja, mbunge wa Texas aitwaye John Lyle, aliingia na rundo la nakala za makala zaidi ya hamsini alizoandika Olds miaka ya 1920, yaani zaidi ya miaka ishirini nyuma. Akazisoma vipande vipande. Akasema huyu ni mtu wa fikira za kikomunisti, na kwamba baadhi ya makala zake zilichapishwa na gazeti la wakomunisti. Kumbuka huo ulikuwa wakati ambapo Wamarekani walikuwa na hofu kubwa ya Urusi. Kumwita mtu mkomunisti ilikuwa kama kumwita mchawi kijijini: ukishatajwa, kila ulifanyalo linakuwa ushahidi.

Olds alijaribu kujieleza. Alisema hakuwa mwanachama wa chama hicho, na kwamba shirika lake lilisambaza habari kwa magazeti ya kila namna. Alisema pia kwamba fikira zake zilikuwa zimebadilika, na kwamba aliamini maovu ya makampuni yatibiwe kwa usimamizi wa sheria. Wakamkatiza kila mara wakitaka ajibu ndiyo au la. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba maandishi yake ya zamani yalikuwa yametajwa pia alipoteuliwa mwaka 1944, na Seneti ikamkubali. Makala hayakuwa yamebadilika hata nukta. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa amesimama mlangoni pa visima vya gesi.

Kamati ndogo ilimkataa kwa kura 7 kwa sufuri. Kamati kamili ikamkataa kwa kura 10 kwa 2. Mambo yalipofika katika Seneti nzima mwezi wa Oktoba, Johnson aliwauliza wenzake kama wanataka kamishna au komisa, yaani afisa wa chama kule Urusi. Truman alimtetea mteule wake mpaka mwisho, na chama chake ndicho kilichokuwa na viti vingi katika Seneti, lakini kura zilipohesabiwa waliomtaka Olds walikuwa 15 na waliomkataa 53. Inasimuliwa kwamba Johnson alikutana naye ukumbini akamwambia asichukulie vibaya, kwani hiyo ilikuwa siasa tu.

Siasa tu! Olds alikuwa na umri wa miaka 58. Hakurudi tena katika kazi ya kusimamia bei. Aliendelea kuvishauri vyama vya ushirika vya umeme hadi alipofariki mwaka 1960. Johnson alipanda ngazi, akawa Rais wa Marekani mwaka 1963.

TUSIMFANYE MALAIKA

Msomaji, nisije nikakudanganya kwamba Olds alikuwa sahihi katika kila jambo. Mswada wa Kerr ulipitishwa na Kongresi, Rais Truman akaukataa mwaka 1950. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Phillips, iliamua kwamba tume inao wajibu wa kusimamia hata bei ya kisimani. Lakini miaka ya 1970 gesi iliadimika katika majimbo mengi, na wataalamu wengi wa uchumi walisema sababu kubwa ni kwamba bei ilikuwa imebanwa chini mno, wachimbaji wakakosa hamu ya kuchimba. Kuanzia 1978 sheria ilianza kulegezwa.

Kwa hivyo wenye visima walikuwa na hoja. Tena hoja yenye uzito. Ingewekwa mezani mwaka 1949, Olds angeijibu kwa hesabu, maseneta wangepima, na hata kama angekataliwa, wananchi wangejua ni kwa nini. Badala yake nchi nzima ilibishana kuhusu maandishi ya kijana wa miaka ya 1920, na suala la bei ya gesi likapita kimya kimya mlango wa nyuma. Hapo ndipo penye hasara. Msasa mbaya humwumiza mteule, kisha humnyima mwananchi habari aliyostahili kuisikia.

MASWALI MATATU

Ukitazama kikao cha kumpiga mtu msasa, kiwe cha Bunge au cha chama chetu, jiulize maswali haya.

Kwanza, je, swali linahusu kazi? Mtu atakayesimamia bei ya umeme aulizwe kama anajua hesabu zake na kama ana ubavu wa kumwambia mkubwa "hapana". Aulizwe pia kama ana hisa katika kampuni atakayoisimamia. Sheria ya Marekani yenyewe ilimkataza kamishna kuwa na hisa katika makampuni ya umeme. Hilo si umbea, kwa sababu mwenye kuku wake bandani hapewi kazi ya kupanga bei ya mayai.

Pili, anayeuliza ana nini cha kupata? Simaanishi kwamba mwenye maslahi asiulize. La hasha! Mwenye kisima ana haki ya kusema. Lakini aseme kama mwenye kisima, tumjue. Tatizo ni pale anapovaa joho la mzalendo ili tusione ndoo aliyoificha ndani yake.

Tatu, je, mteule amepewa nafasi ya kujibu, na maisha yake yamesomwa yote au ukurasa mmoja tu? Mwaka 1949 walikuwa na miaka kumi ya kazi ya Olds mbele yao, imeandikwa katika maamuzi ya tume. Wakapendelea makala ya miaka ishirini nyuma.

KWETU JE?

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 124, inasema kwamba uteuzi unaohitaji idhini ya Bunge lazima uchunguzwe na kamati, mapendekezo yapelekwe mbele ya Bunge lenyewe, na vikao vyote viwe wazi kwa umma. Mwaka 2011 ikapitishwa sheria ya kuongoza shughuli hiyo. Sheria hiyo inaitaka kamati itazame njia iliyotumiwa kumpata mteule, kama ametimiza matakwa ya Katiba na sheria, na kama uwezo, ujuzi na tabia yake vinalingana na mahitaji ya kazi. Fauka ya hayo, mwananchi yeyote mwenye ushahidi dhidi ya mteule anaweza kuuwasilisha kwa karani wa Bunge kwa maandishi ya kiapo. Yeyote! Hata mama mboga. Si kila cheo hupitia njia hii, kwani sheria ya kila shirika ndiyo inayosema, lakini vyeo vingi vikubwa hupitia.

Nasi pia tumeona maswali ya kila aina. Mwaka huo huo wa 2011, Dkt. Willy Mutunga alipopigwa msasa ili awe Jaji Mkuu, moja ya mambo aliyoulizwa ni kipuli alichovaa sikioni. Aliidhinishwa, lakini waulize wazazi wako wanakumbuka nini kuhusu kikao kile. Wengi watakwambia kipuli kabla ya kukwambia habari za mahakama.

DENI LANGU

Sasa nifike kwangu. Mwaka juzi, nikiwa Kidato cha Pili, mvua ilichelewa na mfereji wa shule ukawa unatoa maji siku mbili kwa wiki. Tulitegemea tangi. Kila msichana ndoo moja, na msaidizi wa kiranja wa maji, dada mmoja wa Kidato cha Tatu, alisimama pale na chaki akitia alama kila ndoo iliyojazwa. Hakuna aliyepata ya pili, awe Kidato cha Nne, awe rafiki yake wa kitanda cha jirani.

Muhula uliofuata alipendekezwa awe kiranja kamili. Baraza la wanafunzi likakaa kumpiga msasa, nami nilikuwa mjumbe wa darasa letu. Hakuna aliyeuliza habari za maji. Dada mmoja wa Kidato cha Nne alisimama na karatasi iliyokunjwa, akasoma insha ambayo mwenzetu aliiandika alipokuwa Kidato cha Kwanza. Ilisema shule hii ni kama jela, na githeri yake ina wadudu wengi kuliko maharagwe. Ukumbi ukaangua kicheko. "Je, tumpe cheo mtu asiyeipenda shule yake?" Mteule alisema aliiandika wiki yake ya kwanza akilia nyumbani. Hakuna aliyemsikiliza. Tukaambiwa wanaompinga wainue mikono.

Niliinua. Tena nitasema ukweli wote. Kabla ya mambo ya chaki, dada aliyelala kitanda cha juu yangu alikuwa akijaza ndoo mbili, nami alinigawia nusu ya ile ya pili. Nilipoinua mkono sikuwa nikiitetea heshima ya shule. Nilikuwa naiwazia ile nusu ndoo.

Kiranja tuliyempata alikuwa mcheshi, kila mtu alimpenda. Kabla mwezi haujaisha, wa Kidato cha Kwanza walifika tangini jioni wakakuta mfereji unatoa hewa. Niliwaona wakirudi na ndoo zao zikigongana, kavu, nikajifanya nasoma.

Sikumwomba radhi yule dada mpaka siku alipokuwa akifunga sanduku lake baada ya mtihani wa mwisho. Alinitazama kidogo, akaniuliza, "Kwani mlidhani nitawanyima maji kwa sababu ya githeri?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Basi msomaji, mwezi ujao tutawachagua viranja wapya. Ukiwa barazani, uliza juu ya ndoo, uliza juu ya chaki. Na kabla hujainua mkono, jiulize kwanza ngozi unaivutia wapi.

Wasalaam. Tukijaaliwa, tukutane tena mwakani.